Shajara ya cheni ya pikipiki ya samaki, Malindi

Tarehe 3 Julai

Pikipiki ninayoanza kuandika habari zake leo ni ya cc 150, na kazi yake ni moja tu: kuchukua samaki Ngomeni alfajiri, kupita Gongoni kando ya mashamba ya chumvi, kupita Mambrui na daraja la Sabaki, hadi kuingia Malindi kabla jua halijapanda. Spoketi yake ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linaloibeba cheni, ina meno 14, ya nyuma ina meno 42, na cheni ni ya namba 428 yenye pingili 120. Hesabu hizi tatu naziandika mwanzo kabisa kwa sababu nadhani nitazihitaji.

Jana jioni kijana anayeiendesha, alipokuwa akiosha kreti, aliniambia, "Mama, cheni ya hii pikipiki inakaza, halafu inalegea. Nikienda polepole naisikia ikigonga, ta, ta, halafu inanyamaza, halafu inarudi tena." Nilimwuliza kama fundi ameiona, akasema wameiona wawili. Wa kwanza aliikuta imelegea akaikaza, ikaanza kulia kama msumeno. Wa pili aliikuta imekaza akailegeza, na siku ya tatu yake ikaruka meno kwenye mchanga wa njia ya Ngomeni, pikipiki ikiwa na mzigo kamili. Naamini kila mmoja wao aliona sawasawa alichokiona, kwa maana kila mmoja aliipima mahali gurudumu lilipokuwa limesimama saa ile, wala hakulizungusha. Hilo ndilo linalonifanya nisinunue chochote kabla sijajua ugonjwa wenyewe. Seti ya cheni na spoketi mbili si fedha ya kutupa, na spoketi ya nyuma iliyomo sasa ina miezi minane tu tangu ifungwe.

Tarehe 4 Julai

Tuliisimamisha kwenye stendi kubwa chini ya mwembe, gia ikiwa imetolewa. Nilichukua rula ya chuma, nikaishikilia katikati ya upande wa chini wa cheni, baina ya spoketi mbili, nikaisukuma cheni juu kwa kidole hadi ikome, kisha nikaivuta chini hadi ikome. Jumla ya mwendo huo ndio ulegevu. Kitabu cha pikipiki hii kinataka milimita 25 hadi 35. Kijana akawa analizungusha gurudumu pole pole, mimi napima. Mahali pamoja nilipata milimita 41. Chini ya nusu mzunguko baadaye nikapata 19, na tulipoendelea kuzungusha tukafika mahali ambapo kulikuwa na 15 tu.

Tofauti ya 15 na 41 inatisha kuitazama, lakini nilipokaa na kalamu niligundua kwamba chanzo chake ni kidogo sana. Upande wa chini wa cheni hii, kutoka spoketi hadi spoketi, una urefu wa takriban milimita 578. Ukiukunja katikati unapata pembetatu mbili ndefu na nyembamba, na kwa kanuni ya Pythagoras, ulegevu wa milimita 15 unahitaji urefu wa ziada usiozidi milimita 0.2, ilhali ulegevu wa milimita 41 unahitaji karibu milimita moja na nusu. Kwa hiyo tunachokitafuta ni milimita moja na ushei, imejificha mahali fulani kwenye chuma kinachozunguka. Jicho haliwezi kuiona.

Jambo la pili nililolifanya leo ni kupima pikipiki ikiwa na mzigo. Gurudumu la nyuma limebebwa na mkono unaopanda na kushuka. Mzigo unapoikandamiza springi, ekseli husogea mbali kidogo na spoketi ya mbele, na cheni hukaza. Tuligeuza gurudumu hadi mahali penye ulegevu wa 15, tukaishusha pikipiki chini, tukapakia kreti mbili zenye barafu, kijana akapanda. Sikuweza kuisogeza cheni hata milimita tano. Maana yake ni kwamba kila inapofika hapo ikiwa na samaki, cheni inauvuta kwa nguvu mhimili unaotoka kwenye injini, na nilipochungulia nyuma ya spoketi ya mbele nikaona tone la oili limeanza kujikusanya kwenye sili, ile raba inayozuia oili isivuje. Sikulipenda tone hilo hata kidogo.

Tarehe 5 Julai

Usiku nimewaza hivi. Kukaza na kulegea kunakorudi rudi lazima kuwe na mwenyewe, na kila kinachoweza kuwa mwenyewe kina mzunguko wake. Spoketi ya nyuma ikiwa haijakaa katikati, kilele cha kukaza kitarudi mara moja kila gurudumu likizunguka. Ya mbele ikiwa na kasoro, kilele kitarudi mara tatu katika mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa kuwa 42 ni mara tatu ya 14. Na cheni ikiwa ndiyo yenye kipande kibovu, kipande hicho kitarudi mahali pake kila baada ya mizunguko 2.86 ya gurudumu, yaani 120 kugawanywa kwa 42. Gurudumu na cheni havilingani hatua, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuvitenganisha.

Asubuhi nikatia rangi nyeupe kwenye jino moja la spoketi ya nyuma, na rangi nyekundu kwenye pini moja ya cheni. Nilihesabu pingili zote 120 kwa kidole, mara mbili. Kisha nikaamua kupima kila baada ya meno saba, vipimo sita kwa kila mzunguko, kwa mizunguko 20. Sikuchagua saba kwa bahati. Ukienda meno saba saba, baada ya vipimo 120 kila pingili ya cheni itakuwa imepita kwenye alama mara moja tu, bila kurudiwa wala kurukwa, na kila moja ya nafasi sita za gurudumu itakuwa imepimwa mara 20. Hapo ndipo alama nyeupe na nyekundu hurudi pamoja zilipoanzia.

Kazi yote ilichukua muda wa kutoka saa tatu hadi adhuhuri. Kijana alikuwa anazungusha na kutaja, mimi napima na kuandika, na kila tulipochanganya hesabu tulirudi kwenye alama nyeupe.

Tarehe 6 Julai

Jedwali lina safu sita na mistari 20. Nilianza kwa kuchukua wastani wa kila safu, kwa sababu katika safu moja gurudumu liko mahali pale pale na cheni inabadilika. Kwa hiyo makosa ya cheni yanafutana, na linalobaki ni la gurudumu. Nafasi ya kwanza ilitoa milimita 21, ya pili 26, ya tatu 33, ya nne 36, ya tano 31 na ya sita 24. Ni wimbi moja, linapanda na kushuka mara moja katika mzunguko mmoja. Basi nikajua kwamba kuna jambo upande wa spoketi ya nyuma au kinachoibeba.

Lakini wimbi hilo peke yake linatoka 21 hadi 36, wala halifiki 15 na 41. Kilichobaki nilikipanga upya kwa namba ya pingili badala ya nafasi ya gurudumu, nikitoa kwanza wastani wa safu yake. Ikaonekana kwamba baadhi ya pingili zilizofuatana, kuanzia ya 60 na kitu hadi karibu ya 90, zikiwa upande wa chini, ulegevu unatofautiana kwa milimita tano au sita na zikiwa kwenye meno. Hili nalo lina mantiki: kipande kilicholika ni kirefu kuliko wenzake, na kikiwa mahali palipo nyooka urefu wake wa ziada huonekana kama ulegevu, lakini kikipanda kwenye spoketi kinalazimika kufuata hatua ya meno, na urefu ule unajificha. Pingili iliyoshikana, isiyonyooka vizuri baada ya kutoka kwenye meno, hufanya kinyume chake, huifupisha cheni.

Kwa hiyo makosa ni mawili. Nilikuwa nikitafuta moja.

Hapo pia ndipo nilipoielewa ile "ta, ta, halafu inanyamaza" ya kijana. Kila cheni inapomaliza mzunguko wake, kipande kibovu kinakutana na gurudumu likiwa limerudi nyuma kidogo, sehemu moja ya saba ya mzunguko, kutoka mahali lilipokuwa awali. Kwa hiyo kilele cha cheni na kilele cha spoketi hukaribiana, huachana taratibu, kisha hukaribiana tena baada ya mizunguko 20 kamili, ambayo kwa tairi hili ni karibu mita 37. Nilimwomba aisukume pikipiki kwa miguu barabarani huku akisikiliza, nami nikapima kwa kamba kutoka ukelele hadi ukelele. Tulipata mita 36, mara mbili. Nilifurahi mno.

Tarehe 8 Julai

Tumeifungua cheni. Niliiosha kwa mafuta ya taa na brashi ya nywele ngumu, nikaitundika kwenye msumari ikauka. Cheni hii haina pete za mpira ndani, kwa hiyo hakuna cha kuogopa kwenye mafuta ya taa, na hata zingekuwepo mafuta ya taa hayaziharibu kama petroli.

Kisha nikailaza juu ya ubao mrefu, nikaigongomea mwisho mmoja, nikaivuta mwisho wa pili kwa uzito wa jiwe, ili ipimwe ikiwa imenyooka. Kupima cheni ya 428 kuna mambo mawili ambayo mtu asipoyajua atapotea. La kwanza, tarakimu ya mwanzo, 4, inahesabu sehemu za nane za inchi, kwa hiyo hatua moja kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7, na hatua 20 za cheni mpya ni milimita 254. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha hatua hizo 20 kwenye milimita 259, ambayo ni nyongeza ya karibu asilimia mbili. La pili, cheni inapolika vibao vyake vya pembeni havinyooki kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi inayoizunguka. Bushi mbili za pingili moja ya ndani zimekazwa kwenye vibao vyao, na umbali baina yao haubadiliki. Urefu wote unaongezeka kwenye pingili za nje tu, zinazopishana na za ndani moja kwa moja. Ndiyo maana lazima upime idadi ya hatua inayogawanyika kwa mbili, la sivyo utapata jibu moja leo na jingine kesho kwenye cheni ile ile.

Pingili 120 zinatoa vipande sita vya hatua 20. Nilipata 256.2, 256.0, 255.8, 258.9, 257.4 na 256.1. Jumla yake ni milimita 1,540.4, na cheni mpya ingekuwa 1,524. Mtu akiipima cheni nzima kwa pamoja atasema imerefuka kwa asilimia moja na kidogo, bado ina maisha. Kumbe kipande cha nne kiko kwenye ukingo wa kikomo, na cha kwanza hakijafika hata nusu ya njia. Wastani ungenidanganya vibaya.

Nilizikunja pingili za kipande cha nne moja moja kwa vidole. Tisa zilikuwa ngumu. Mbili ziliposhikwa zilibaki zimepinda kama kidole chenye uvimbe, hazirudi zenyewe.

Tarehe 9 Julai

Nilipeleka cheni hiyo kwa fundi wangu wa Maweni akanitolea pini mbili kwa mashine yake ya kukatia cheni, moja ya kipande cha tatu na moja ya kipande cha nne. Nimeziweka mbele yangu juu ya karatasi nyeupe ninapoandika. Ya kipande cha tatu inang'aa pande zote, na ukipitisha ukucha unasikia kijimtelemko kidogo tu mahali bushi ilipoanzia. Ya kipande cha nne imechimbwa upande mmoja, upande wa kuvutwa, na mahali palipochimbwa pana rangi ya kahawia iliyokolea. Nilipoigonga juu ya karatasi ilidondosha unga mwekundu, laini kama tangawizi ya kusagwa. Unga huo ni kutu, na kutu ni ngumu. Ikiwa ndani ya bushi kila cheni inapokunjika inasaga chuma kama msasa.

Fundi akaniuliza, "Pikipiki ililala wapi mwezi wa tano, mama?" Nikakumbuka mara moja. Kusi ilipokuwa kali, mashua za Ngomeni hazikutoka, na pikipiki ilikaa wiki tano kwenye kibanda bila kuwashwa, kreti ikiwa imeachwa juu yake na maji ya barafu na samaki ndani. Kreti ina ufa upande wa kushoto, upande wa cheni. Kifuniko cha cheni cha chini kilikatika zamani na hakikurudishwa, na cha juu kina tundu. Maji yale ya chumvi yalidondoka usiku na mchana juu ya sehemu moja ya cheni iliyokuwa imesimama hapo, karibu hatua 40 hivi, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewa hata maji yakikauka. Sehemu nyingine ya cheni ilikuwa pembeni, haikuguswa. Urefu wa cheni kutoka spoketi hadi spoketi ni karibu hatua 45. Nilipopima kwa uzi kutoka chini ya ufa, doa lilianguka pale pale.

Imeniuma, kwa sababu kibanda kile ni changu na kreti niliiacha mimi. Ufa nimeuziba leo kwa raba ya tairi la zamani na riveti nne.

Tarehe 12 Julai

Sasa upande wa spoketi. Kabla ya kuilaumu niliangalia vinavyoibeba. Beringi za gurudumu hazina mchezo. Nililishika gurudumu juu na chini nikalitikisa, kimya. Ekseli niliitoa nikaiviringisha juu ya kioo cha meza, haikupepesuka. Raba za habu, sehemu ya katikati ya gurudumu, zimechoka kidogo, nitazibadilisha, ila hazina kosa hili.

Geji ya saa, ile yenye mshale unaoonyesha sehemu ndogo ndogo za milimita, niliazima kwa fundi wa injini za mashua huko Shela, naye alinikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. Nikaifunga kwenye mkono wa nyuma wa pikipiki. Tatizo la kupima spoketi ni kwamba ncha za meno hazina maana, zinalika na kuchongwa vyovyote. Kinachobeba cheni ni mabonde. Roli ya cheni ya 428, ile inayozunguka juu ya bushi na kukaa bondeni, ina kipenyo cha milimita 8.51, basi nikachukua biti ya drili ya milimita 8.5, nikailaza bondeni, na geji ikaegemea mgongo wake. Nikapima kila bonde la saba: 0, 0.12, 0.29, 0.38, 0.27, 0.10. Wimbi lile lile la jedwali langu, katika nafasi zile zile.

Karibu milimita 0.4 kutoka chini hadi juu ni sawa na kusema kwamba kitovu cha spoketi kimetoka katikati kwa 0.2. Kitovu kikisogea 0.2 nyuma, njia ya cheni inarefuka mara mbili yake, kwa kuwa cheni inapita juu na chini; na nusu mzunguko baadaye inafupika kiasi hicho hicho. Jumla inakuwa takriban 0.8. Hesabu yangu ya pembetatu kwa wimbi la 21 hadi 36 ilihitaji 0.74. Sina la kuongeza hapo.

Swali lililobaki lilikuwa kama kosa ni la spoketi au la habu inayoifunga. Spoketi hii ina bolti nne. Niliifungua, nikaizungusha robo mzunguko, nikaifunga tena. Kilele kilihama pamoja na jino jeupe. Kingekuwa cha habu kingebaki mahali pake kwenye gurudumu. Spoketi ya mbele niliipima vile vile. Ni duara safi, ingawa meno yake yameanza kupinda kama kulabu na haitafungwa na cheni mpya.

Kosa hili lilikuwepo tangu siku spoketi ilipofungwa, miezi minane iliyopita. Cheni ikiwa nzima, kulegea kati ya 21 na 36 hakusikiki sana. Lilipokutana na kipande chenye kutu ndipo pikipiki ikaanza kusema.

Tarehe 15 Julai

Dukani nilikwenda na kalipa, chombo cha kupimia sehemu ndogo za milimita. Nilimweleza muuzaji kwamba nitapima kila spoketi kutoka ukingo wa tundu la katikati hadi chini ya bonde la jino, mahali pasipopungua sita, na kwamba namba zisipolingana sitainunua. Akaniambia, "Mama, hakuna aliyewahi kunipimia spoketi," lakini akanisogezea kiti na taa. Ya kwanza ilitofautiana kwa 0.3. Ya pili 0.25. Ya tatu ilikaa ndani ya 0.05 pande zote, hiyo nikaichukua, na ya mbele, na cheni. Alizirudisha zile mbili kwenye maboksi yake na hakusema kitu. Ningependa angeziweka kando.

Tarehe 16 Julai

Leo nilifanya jambo ambalo kijana aliona ni kupoteza muda. Nilifunga cheni mpya juu ya spoketi ya zamani ya nyuma, si kwa kuiendesha, bali kwa kuizungusha kwa mkono kwenye stendi tu, kwani meno yaliyolika huiharibu cheni mpya upesi. Nilitaka kujua kama nimezitenganisha kasoro mbili kweli au nimejiridhisha kwa hesabu. Vipimo 120 tena. Wastani wa safu sita ulikuwa 22, 26, 32, 36, 31, 25, na hakuna kipimo kilichoachana na wastani wa safu yake kwa zaidi ya milimita mbili. Yaani cheni imeondoka na sehemu yake ya ugonjwa, na spoketi imebaki na yake. Mtu aliyebadilisha cheni peke yake angerudi kwa fundi na malalamiko yale yale.

Tarehe 17 Julai

Vyote vipya vimefungwa. Klipu ya kufungia cheni nimeielekeza upande wake uliofungika mbele, kule cheni inakokwenda, ili kitu kikiigonga kisiivute nje. Gurudumu sikulipanga kwa mistari iliyochorwa kwenye mkono wa nyuma. Nilipima kwa fito kutoka kwenye boliti ya mkono huo hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto, nikakuta mistari inatofautiana na ukweli kwa milimita mbili. Hilo linaeleza kwa nini vibao vya ndani vya cheni ya zamani vilikuwa vinang'aa upande mmoja.

Nilizungusha kwanza hadi nikapata mahali palipokaza zaidi, na hapo ndipo nilipoweka ulegevu, si kwingine. Safu sita: 28, 29, 30, 31, 30, 29. Kwa mzigo wa kreti mbili na kijana juu, ulegevu mdogo kabisa ni 17.

Tarehe 9 Agosti

Hakuna mlio. Tone la oili nyuma ya spoketi ya mbele halijarudi tangu nilipolifuta, kwa hiyo sili sitaigusa kwa sasa. Tumekubaliana na kijana utaratibu mpya: akirudi Malindi, kabla ya chai, anamwagia cheni maji ya bomba kuondoa chumvi, anaifuta, na ikikauka anapaka oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni ya chini, ili mzunguko uisukume kuelekea nje kupitia kwenye roli. Alikuwa akitumia oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Nilimwonyesha unga wa chuma uliokaa chini ya kopo lake, akalimwaga mwenyewe.

Kifuniko cha cheni cha chini nimekitengenezesha kwa bati. Kinatikisika kidogo kwenye barabara ya mchanga. Boliti ya nyuma inahitaji raba.

Tarehe 13 Septemba

Kilomita 2,300 tangu kufungwa. Ulegevu, baada ya kukazwa mara moja mwezi uliopita, uko kati ya 29 na 32. Hatua 20 nimezipima mahali patatu bila kuifungua cheni, kijana akiuvuta upande wa chini ukaze: 254.5, 254.5, 254.6. Pingili zote zinakunjika na kunyooka zenyewe.

Geji nimeirudisha Shela pamoja na samaki wawili. Kipimo kijacho nitakichukua kaskazi ikianza kuvuma, na safu zake sita nimeshazichora kwenye daftari.